Zamu ya Mheshimiwa Tausi

Paukwa!

Pakawa!

Ndoo?

Ya maji.

Maji?

Ya mchicha.

Mchicha?

Wa watoto.

Na mgeni je?

Mmenyamaza. Haya, nyamazeni, tutafika huko. Rukia, toka kwenye hilo tuta, unakanyaga figiri za watu. Bwana Mbaraka, wewe ndiye mwenyekiti wa bustani yetu, sogea mbele nikuone uso. Leo sitaki mtu wa kusinzia. Na hadithi yenyewe si tamu. Nawaambia mapema, msije mkanilaumu.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana mifuko ya plastiki ilikuwa imeshazaliwa, palikuwa na mji mkubwa. Ndani ya mji palikuwa na soko. Nyuma ya soko palikuwa na ukuta. Nyuma ya ukuta palikuwa na jaa. Jaa kubwa! Linanuka! Linatoa moshi mchana kutwa, fuuu, fuuu. Na kwenye jaa hilo waliishi wanyama ambao mji haukuwataka.

Alikuwapo Punda. Punda alivuta mkokoteni miaka kumi na miwili, magoti yakaisha, mwenye mkokoteni akamfungua kamba akamwambia, "Nenda." Aende wapi? Akaja jaani. Alikuwapo Buku, yule panya mkubwa, mwizi mstaafu wa sokoni. Alikuwapo Fuko, macho hana, mikono anayo. Alikuwapo Mbuzi mwenye ndevu. Na alikuwapo Mama Kanga.

Kiangazi kilichopita Mama Kanga alikuwa ametotoa vifaranga tisa. Sasa jaani kuna nini cha kula? Majivu, maganda, na vipande vya mifuko. Vyekundu, vya bluu, vinameta. Vifaranga wakadhani ni wadudu. Dona, dona, dona. Vikajaa tumboni, havishuki, havipandi. Wakafa wote tisa. Mama Kanga akawafukia mmoja mmoja kwa kucha zake.

Mwaka huu alitotoa tena. Safari hii sita. Wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wenzake, mguu mmoja umepinda, akitembea anachechemea, ti-ta, ti-ta. Mama Kanga akawatazama wote sita. Akasema kwa sauti, jaa zima likasikia, "Hawa sitawafukia."

Lishikeni neno hilo. Mimi nimelishika miaka yote, na bado linanichoma.

Basi Mama Kanga akainuka. Akaenda chini ya ukuta, mahali ambapo bomba la sokoni lilikuwa limepasuka. Maji yalidondoka pale, to! to! to!, yakafanya kidimbwi kidogo, upana wake kama karai. Mama Kanga akaanza kuchakura. Chaku, chaku, chaku. Akatoa chupa. Chaku, chaku, chaku. Akatoa kandambili. Chaku, chaku, chaku. Akatoa mguu wa mwanasesere.

Mbuzi akamwona, akacheka. "Mama Kanga, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu. Natafuta udongo."

"Udongo? Hapa?"

"Uko chini. Ulikuwapo kabla ya taka kuja."

Fuko akatoa pua ardhini. "Mama Kanga anasema kweli. Mimi nalala ndani yake. Ni mweusi, mzuri, umechoka tu kubebeshwa takataka."

Fuko akaingia kazini, akafukua. Punda akaja, akageuka, akainua mkia, akasema, "Mimi maskini sina cha kuchangia, ila hiki hapa." Mnacheka? Hiyo ndiyo mbolea! Bila Punda hakuna mchicha. Buku akaja na mbegu shavuni: mchicha, mnavu, kunde, bamia. "Safari hii nimeomba, sikuiba," akasema. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyerudisha mbegu.

Na Mbuzi alichangia nini? Ndevu. Walisema kikundi hakiwezi kukosa mwenye ndevu. Wakamfanya mwenyekiti.

Wakafanya matuta matano, wakayapanga duara kuzunguka kidimbwi. Tuta la Punda, tuta la Mama Kanga, tuta la Buku, tuta la Fuko, tuta la Mbuzi, halafu unarudi kwa Punda. Juma la kwanza kila mmoja alimwagia tuta lake. Ikawa vurugu. Mbuzi aliamka mapema akakausha kidimbwi. Buku na Fuko wakang'atana kwa ajili ya kikombe cha maji. Siku moja walimwona Fuko anachelewa kufika kidimbwini kwa sababu haoni, wakamwambia, "Wewe kaa tu, tutakumwagia." Fuko akakaa. Akalia. Tangu hapo akawa haji kazini, anaona haya.

Mama Kanga akawaita wote. "Hivi hatufiki," akasema. "Kuanzia leo hakuna wa kumwagia tuta lake. Kila mmoja atamwagia tuta la jirani yake wa mkono wa kulia. Punda atamwagia langu. Mimi nitamwagia la Buku. Buku atamwagia la Fuko. Fuko atamwagia la Mbuzi. Mbuzi atamwagia la Punda."

"Na mtu akichelewa?" Mbuzi akauliza.

"Tutamngoja. Asitokee wa kumchukulia mwenzake zamu. Ukimchukulia mtu zamu yake umemwambia hafai. Tumemfanyia Fuko hivyo, tumeona matokeo yake."

Wakakubali. Wakaapa. Kila mmoja akagusa maji ya kidimbwi kwa mdomo. Na kila asubuhi, kabla hawajala, walibeba maji kinywani, na njiani hawawezi kuongea, maana kinywa kimejaa. Wakimaliza kumwaga ndipo wanaimba. Haya, itikieni na nyinyi.

Chimba!

Tuchimbe!

Mwaga!

Tumwage!

Tuta la nani?

La mwenzangu!

Ehee! Wakaimba hivyo, na mchicha ukatoka. Kwanza mistari myekundu, myembamba. Kisha majani mawili mawili. Kisha ukashiba, ukafunika udongo. Wadudu wakarudi, wale wadudu wa kweli, wenye miguu. Vifaranga wa Mama Kanga wakawa wanashinda mle ndani, dona, dona, dona, na jaa hawaliangalii. Yule mwenye mguu uliopinda akaota manyoya ya madoadoa. Mama Kanga alikuwa akimwangalia, anasahau kula. Watu wangu, kama hadithi ingeishia hapo ningewaaga nikaenda zangu nyumbani.

Haikuishia hapo.

Siku moja, kwaa! kwaa! Kunguru akatua juu ya ukuta. Kunguru alikuwa mjumbe wa Mheshimiwa Tausi, yule ndege mkubwa wa mtaa wa juu, mtaa wenye mageti na nyasi za kukatwa. "Habari zenu zimefika juu," akasema Kunguru. "Mheshimiwa amefurahi. Mheshimiwa anapenda kijani. Atakuja mwenyewe kupanda mti."

Mbuzi akashika ndevu. Akaitisha mkutano palepale.

"Mti gani?" akauliza Buku.

"Mwashoki," akasema Mbuzi. "Ule mrefu mwembamba, wa kwenye mageti ya matajiri."

"Unaliwa?"

"Hauliwi."

"Una kivuli?" akauliza Punda, maana alikuwa mzee na jua lilimtesa.

"Hauna kivuli."

"Sasa una nini?"

"Unapendeza," akasema Mbuzi. "Na tusimuulize mgeni maswali. Tumpe sehemu nzuri, karibu na njia, asichafue mkia."

Karibu na njia palikuwa na matuta mawili tu. La Punda na la Mama Kanga. La Punda lilikuwa limechoka. La Mama Kanga lilikuwa limeshiba. Wote wakatazama chini, wanaona aibu kusema. Mama Kanga mwenyewe akasema, "Achukue kwangu. Nusu."

Msimshangae! Sisi je? Mgeni akija, nyama tunampa nani? Watoto si tunawafukuza jikoni, wanabaki kulamba mwiko? Mama Kanga alilelewa kama tulivyolelewa sisi. Akaingia kwenye tuta lake, akang'oa mchicha kwa kucha zake mwenyewe, ule mnene, wa upande wa njia. Akafagia kwa mbawa. Vifaranga wakauliza, "Mama, kwa nini unang'oa?" Akawajibu, "Tuna mgeni."

Tausi akaja. Akafungua mkia, prrrrr! Jaa zima likang'aa. Kweli alipendeza, sitaki kumsingizia. Wakapanda mti. Yaani, Fuko alichimba shimo, Punda akabeba mche, Buku akafukia udongo, na Mheshimiwa akaweka kidole kimoja cha mguu juu ya udongo, akakiondoa. Makofi! Kunguru akapigilia kibao: MTI HUU UMEPANDWA NA MHESHIMIWA TAUSI. Wakagawiwa kofia, zote za saizi moja. Ya Punda ilikaa juu ya sikio moja. Ya Fuko ilimfunika mwili mzima, wala hakujua.

Halafu Tausi akatoa hotuba. Mwisho akasema, "Mimi si mgeni hapa. Kuanzia leo mimi ni mwenzenu. Nami ni mwanachama wa bustani hii!"

Makofi tena. Prrrrr, akafunga mkia, akaenda zake.

Na hapo ndipo walipokosea. Rukia, acha kucheza na huo mfereji, sikiliza hapa. Asubuhi iliyofuata walikuja kumwagilia. Punda akajaza kinywa, akatazama mkono wake wa kulia. Jirani yake wa kulia hakuwa tena Mama Kanga. Alikuwa mwashoki wa Mheshimiwa. Punda akaumwagia mwashoki, shwaa. Mama Kanga akaenda kumwagia Buku. Buku akamwagia Fuko. Fuko akamwagia Mbuzi. Mbuzi akamwagia Punda. Likabaki tuta moja kavu, lile nusu tuta la Mama Kanga.

"Zamu ya nani?" akauliza Buku.

Mbuzi akakohoa. "Mheshimiwa amesema kwa kinywa chake kwamba yeye ni mwanachama. Mwanachama ana zamu. Jirani yake wa kulia ni Mama Kanga. Kwa hiyo ni zamu ya Mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Wakangoja. Jua likapanda. Hakuja.

Kesho yake, vivyo hivyo. Itikieni basi, nitauliza mimi.

Zamu ya nani?

Ya Mheshimiwa!

Yuko wapi?

Yuko njiani!

Siku ya tatu, hivyohivyo. Siku ya nne mchicha wa Mama Kanga ukalala. Punda akaona, roho ikamuuma. Akasema, "Mwanangu Kanga, mimi napita hapo kila siku. Niongeze kinywa kimoja tu, nikumwagie na wewe. Sitakufa kwa hilo."

Mbuzi akaruka. "Umchukulie Mheshimiwa zamu yake? Unataka kusema Mheshimiwa hafai? Akisikia, kibao si ataking'oa?"

"Watoto wanaangalia, Mwenyekiti," akasema Punda.

"Muulize mwenyewe. Sheria aliitunga nani?"

Wote wakamgeukia Mama Kanga. Mama Kanga akatazama vifaranga wake sita. Akatazama kidimbwi. Hatua sita tu, mimi ningeruka nikafika. Akasema polepole, "Sheria niliitunga mimi. Nikiivunja kwa ajili ya matumbo ya watoto wangu, kesho kila mtu atavunja kwa ajili ya tumbo lake, turudi kung'atana. Tungoje kidogo. Mtumeni Kunguru akamkumbushe."

Ah, Mama Kanga! Mpaka leo nikifika hapa natamani niingie kwenye hadithi nimshike bawa nimwambie, mwaga! Mwaga wewe, mwendawazimu, maji yale pale!

Kunguru akatumwa. Kwaa! Akaenda, akarudi. "Mmesalimiwa sana," akasema.

"Anakuja?"

"Mmesalimiwa sana."

Akatumwa tena. Akarudi. "Yuko mtaa mwingine, anapanda mti."

Siku ya saba mchicha wa Mama Kanga ukavunjika kwa upepo, kreki, kreki. Wadudu wakahama. Vifaranga wakakaa kwenye tuta tupu, wanalia, pii, pii, pii. Buku akawapa majani yake. Punda akawapa kunde. Lakini matumbo sita ni matumbo sita. Asubuhi ya siku ya tisa kifaranga mmoja akavuka, akaenda jaani. Akaona kitu chekundu kinameta. Dona.

Akafa jioni. Mama Kanga alimfukia kwenye lile tuta lake, maana udongo wake ulikuwa laini. Chaku, chaku, chaku.

Kuanzia siku hiyo akawa haendi kidimbwini. Kutwa anakimbia kuwafukuza watoto jaani. Huyu amemrudisha, yule amekwenda. Anakimbia, anarudi, anakimbia, anarudi. Tuta la Buku likakosa maji.

Zamu ya nani?

Ya Mama Kanga!

Yuko wapi?

Yuko jaani!

Nani alichukua zamu yake? Hakuna. Wote waliapa. Tuta la Buku likakauka. Buku akawa hana cha kula, akarudi sokoni, kazi yake ya zamani, na alikuwa ameshazeeka kwa kazi ile. Mtego, pwa! Akarudi hana mkia, akalala shimoni na homa. Tuta la Fuko likakosa maji, likakauka. Fuko alilipapasa, akakuta vijiti vitupu. Akaingia chini, akaendelea kwenda chini, na hakuna aliyemwona tena. Tuta la Mbuzi likakosa maji. Mbuzi hakungoja likauke. Akala tuta lake lote na mizizi. Akala kofia yake. Akalala, akawa haendi kumwagia mtu.

Mnaona duara lilivyozunguka? Lilivyowalisha ndivyo lilivyowaua, mkono kwa mkono, mpaka likarudi kwa Punda. Punda akakosa maji, akakosa kunde, akabaki mifupa. Lakini zamu yake aliijua. Kila asubuhi aliburura yale magoti mpaka kidimbwini, akajaza kinywa, akaenda kuumwagia mwashoki wa Mheshimiwa. Shwaa. Kila asubuhi.

Na maji yalikuwapo! Hakuna aliyechota isipokuwa Punda, basi kidimbwi kikajaa, kikafurika, maji yakatiririka yakapita kando ya matuta yaliyokufa, yakaingia jaani. To! to! to! Mchana kutwa, usiku kucha. Mama Kanga aliyasikia akiwa amekaa na watoto wake. Walikuwa watatu. Kisha wawili. Kisha akabaki yule mwenye mguu uliopinda, aliyekuwa hawezi kukimbia mpaka jaani, kwa hiyo alichelewa kufa.

Lakini upepo ulimletea kipande cha bluu mpaka pale alipokaa.

Asubuhi ile kifaranga alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi. Mama Kanga akasimama. Akaenda kidimbwini, hatua sita. Akajaza kinywa. Akarudi kwenye tuta lake, akasimama pale na maji kinywani, na mbele yake kulikuwa na vijiti na vilima vitano vidogo vya udongo. Akasimama. Hajui amwage wapi.

Kwaa! Kwaa! "Mheshimiwa anakuja!"

Tausi akaja na wapiga picha. Akafungua mkia, prrrrr! Mwashoki ulikuwa umesimama wima, mrefu, majani yanang'aa kijani. Pembeni yake Punda alikuwa amepiga magoti. Asubuhi ile aliweza kufika na maji, akaumwagia mti, akashindwa kunyanyuka.

"Mnaona?" akasema Tausi. "Mnaona kijani hiki? Hii ndiyo kazi ya pamoja! Hongereni sana!"

Na Mbuzi akapiga makofi. Buku akajiburuta kutoka shimoni, hana mkia, akapiga makofi. Punda akatikisa masikio, ndiyo makofi aliyobakiza.

Mama Kanga akameza yale maji. Akasogea mbele. "Mheshimiwa," akasema, "ilikuwa zamu yako."

"Zamu gani, mama?"

"Zamu ya kumwagia tuta langu. Wewe ni mwanachama. Mimi ni jirani yako wa kulia. Nimekungoja siku arobaini."

Tausi akashangaa. Akashangaa kweli, haigizi. "Mimi? Kumwagia? Mimi nilipanda mti tu. Hakuna aliyeniambia neno lolote."

Mama Kanga akageuka. "Kunguru. Hukumwambia?"

Kunguru akatazama vidole vyake. "Nilimwambia mnamsalimu. Mama, ningeanzaje? Mheshimiwa yule, nimwambie njoo umwagie mchicha? Ninyi wenyewe mngeweza?"

Mbuzi alishika ndevu. Siku arobaini walimngoja mtu ambaye hakujua kwamba anangojwa.

Tausi hakuwa na roho mbaya. Alitaka kumfurahisha mama yule. Akatazama huku na huku, akaona lile tuta kavu lenye vilima vitano. "Na hapo je?" akasema. "Naona pameshachimbwachimbwa. Pako wazi? Nina mche wa pili kwenye gari."

Mbuzi akamtazama Mama Kanga. Akamtazama Mheshimiwa. Akasema, "Pako wazi, Mheshimiwa."

Mama Kanga alirudi kwa mtoto wake. Mtoto alikuwa ameshakata roho wakati wa makofi. Na hata pa kumfukia hapakuwapo tena, maana palepale walikuwa wanachimba shimo la mti. Akambeba kwa mdomo, akaondoka naye, akapita soko, akapita nyumba za mwisho, akaingia porini. Huko akamfukia. Wa sita. Ndiyo maana mpaka leo kanga akiona mtu anakuja hamngoji aseme shida yake, anakimbia. Na kanga jike ukimsikia analia, analia mara mbili mbili, za-mu! za-mu!, anauliza, na hakuna anayemjibu.

Punda alifia palepale chini ya mwashoki. Uligeuka kuwa mti mzuri sana.

Sasa nawaambia mafunzo yake waziwazi, nisije nikaambiwa nimefumba. Usimpe zamu mtu unayeogopa kumgongea mlango. Maji mpe yule unayeweza kumwambia, "Wewe, amka, umechelewa." Na sheria mliyoitunga ili watoto wale, ikianza kuwaua watoto, ivunjeni siku hiyohiyo, aivunje aliyeitunga, na kama yeye ameshindwa, avunje jirani. Hayo ndiyo yote. Ni machache, na walishindwa.

Bwana Mbaraka, inua uso. Kesho asubuhi tuna mgeni, anakuja kupanda mti. Nimepita hapa nikaona mmeshachomeka vijiti vinne na kufunga kamba, hapo kwenye tuta la Bi Shemsa, kwenye sukuma wiki yake iliyo bora, karibu na njia. Mmemuuliza? Amesema sawa? Najua amesema sawa. Bi Shemsa ana watoto wanne wanaokula hapo, na ameketi palee nyuma, amejifunika khanga, hataki tumwone anavyolia.

Ndoo?

Ya maji.

Maji?

Ya mchicha.

Mchicha?

Wa watoto.

Na mgeni je?

Bado mmenyamaza. Basi hadithi yangu nimeitua hapo, kwenye vijiti vyenu.